DVD, Blu-ray au 4K: kusoma nyuma ya kava kabla hujalipa

Geuza kava la filamu utazame chini kabisa, pale palipoandikwa kwa herufi za kuumiza macho. 1080p. 2.39:1. DTS-HD MA 5.1. Region B. HDR10. Upande wa mbele una sura ya mwigizaji na sifa tele. Upande wa nyuma ndio wenye jibu la swali la maana: je, diski hii itaonekana na kusikika nyumbani kwangu? Nayasema haya kwa uchungu kidogo. Niliwahi kununua diski ya 4K, nikaitia kwenye deki ya Blu-ray, nikazima taa, nikakaa mkao wa kula. Deki ikanguruma, ikanyamaza, ikaandika kwamba haiwezi kusoma diski hii. Deki haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la macho yangu, yaliyoliona neno Blu-ray na kuyaruka maneno Ultra HD yaliyolitangulia.

Ulinganisho huu unaifuata njia ileile ambayo filamu hupita: diski, picha, sauti, halafu waya. Njia ikibana mahali pamoja, ubora wote unaishia hapohapo, hata kama kwingine kote umetumia fedha nyingi.

Diski: umbo moja, tumbo tofauti

VCD, DVD, Blu-ray na Ultra HD Blu-ray (ndiyo inayoitwa 4K) zote zina kipenyo cha sentimita 12. Kinachozitenganisha ni mwanga unaozisoma. CD na VCD husomwa kwa leza ya infraredi yenye wimbi la nanomita 780, DVD kwa leza nyekundu ya nanomita 650, na Blu-ray kwa leza ya buluu-zambarau ya nanomita 405. Jina lake limetoka hapo. Ni kama kalamu: ncha ikiwa nyembamba, ukurasa uleule unabeba maneno mengi zaidi.

| Diski | Ilianza | Ujazo | Picha (pikseli) | Kodeki ya picha |
|---|---|---|---|---|
| VCD | 1993 | dakika 74 hivi | 352 × 288 (PAL) au 352 × 240 (NTSC) | MPEG-1 |
| DVD | 1996 | GB 4.7 au 8.5 | 720 × 576 (PAL) au 720 × 480 (NTSC) | MPEG-2 |
| Blu-ray | 2006 | GB 25 au 50 | 1920 × 1080 | MPEG-2, VC-1, H.264 |
| Ultra HD Blu-ray | 2016 | GB 50, 66 au 100 | 3840 × 2160 | H.265 |

Pikseli ni vidoti vinavyounda picha; PAL na NTSC ni mifumo miwili ya televisheni. Kodeki ni namna ya kuibana picha ili ienee kwenye diski. Kila kizazi kinabana kwa akili zaidi: H.264 hutoa picha nzuri kwa data chache kuliko MPEG-2, na H.265 huishinda H.264. Ndiyo maana usikadirie ubora kwa ukubwa wa faili peke yake.

Kuna safu moja sikuitia kwenye jedwali kwa sababu inastahili maelezo yake: kasi ya data. Picha ya DVD haizidi megabiti 9.8 kwa sekunde. Blu-ray inafika 40. Ultra HD yenye tabaka tatu inaweza kufika 128, picha na sauti pamoja. Sasa linganisha na filamu ya mtandaoni: Netflix hupendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa ajili ya 4K. Zote mbili zinaitwa 4K, na zote mbili zina pikseli zilezile kwa idadi. Tofauti utaiona kwenye moshi, mvua, maji yanayochafuka na vyumba vyenye giza, ambako picha iliyobanwa sana hujaa vijisanduku. Kwenye sura ya mtu aliyekaa kimya mchana kweupe, huenda usione chochote.

Utangamano wa deki unakwenda upande mmoja tu. Deki ya Ultra HD husoma Blu-ray na DVD. Deki ya Blu-ray husoma DVD. Kurudi juu hakuna. Mashine za michezo nazo zina vituko vyake. PlayStation 3 na 4 husoma Blu-ray, lakini hata PS4 Pro, iliyouzwa kwa sifa za 4K, haisomi diski za Ultra HD. PS5 yenye tundu la diski inazisoma, na Xbox One S vilevile. Ajabu ni kwamba hiyohiyo PS5 haichezi CD ya muziki.

Ukikutana na diski za HD DVD kwenye rundo la mitumba, zipite. Zilikuwa mpinzani wa Blu-ray mpaka Toshiba ilipoacha kuzitetea Februari 2008, na deki ya Blu-ray haizisomi.

Mtego mwingine ni maneno "4K" yanayoandikwa kwenye kava la Blu-ray ya kawaida, hata la DVD. Mara nyingi yana maana kwamba mkanda wa filamu ulisafishwa na kuskaniwa upya kwa 4K kabla ya kupunguzwa ili uenee kwenye diski. Hiyo ni habari njema, kwa kuwa chanzo kizuri huzaa Blu-ray nzuri, ila diski yenyewe inabaki 1080p. Kava la diski halisi ya 4K kwa kawaida ni jeusi na lina maandishi 4K Ultra HD juu kabisa. Kava la Blu-ray ni la buluu.

Halafu kuna kanda, lile neno Region la kwenye kava. DVD ziligawa dunia kwa namba: 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati, 3 ni Asia ya Kusini-Mashariki na Korea Kusini, 4 ni Amerika ya Kusini na Australia, 5 ni sehemu kubwa ya Afrika, Urusi na India, 6 ni China. Blu-ray zikapunguza ziwe herufi tatu: A kwa Amerika, Japani na Asia ya Kusini-Mashariki, B kwa Ulaya, Afrika na Australia, C kwa China, Urusi na India. Deki ya kanda moja hukataa diski ya kanda nyingine. Diski za 4K hazina kanda kabisa, na kwa mtu anayeagiza filamu kutoka nje hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuzipenda. Tahadhari: kava la 4K likiwa na Blu-ray ya nyongeza ndani, hiyo Blu-ray bado inaweza kuwa na kanda.

Kwenye DVD kuna pia PAL na NTSC. Filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24, yaani picha moja moja, kwa sekunde. PAL huonyesha 25. Njia rahisi iliyotumika ni kuikimbiza filamu, kwa hiyo filamu ya dakika 100 humalizika kwa dakika 96 na sauti za watu hupanda kidogo. Kama umewahi kuona muda wa DVD haulingani na ulioandikwa kwingine ukadhani vipande vimekatwa, pengine hakuna kilichokatwa. Blu-ray huweza kubeba fremu 24 kama zilivyo.

Picha: kuhesabu pikseli hakutoshi

Herufi baada ya namba, kama 1080i au 1080p, ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Herufi "i" ina maana kwamba mistari ya picha inaletwa kwa awamu mbili, ya witiri kwanza, ya shufwa baadaye. Herufi "p" ina maana kwamba fremu inakuja nzima. Picha ya "i" isipounganishwa vizuri na televisheni, kitu kinachokimbia huota meno kama kitana.

Sasa hesabu kidogo. DVD ya PAL ina pikseli 414,720. Televisheni ya 4K ina pikseli 8,294,400, yaani mara 20 kamili. Ukicheza DVD kwenye kioo hicho, katika kila pikseli 20 unazoziona, 19 zimebuniwa na televisheni. Blu-ray ni robo ya 4K, kwa hiyo zinazobuniwa ni 3 kati ya 4. Hapo utaelewa kwa nini DVD iliyokuwa ikimetameta kwenye televisheni ya zamani ya kichogo inaonekana kama imepakwa mafuta kwenye kioo kikubwa kipya, ilhali Blu-ray bado inapendeza.

Msimamo wangu ni huu: kutoka DVD kwenda Blu-ray kila mtu anaona tofauti, hata asiyejali. Kutoka Blu-ray kwenda 4K, kwa idadi ya pikseli tu, wengi hawaioni wakiwa wamekaa kwenye kochi. Kwenye televisheni ya inchi 55, jicho la kawaida likiwa umbali wa zaidi ya mita 2 na ushei haliwezi tena kuzitenga pikseli za 1080p. Ukitumia projekta yenye picha ya ukuta mzima, hesabu inageuka, na hapo 4K inalipa.

Faida kubwa ya 4K iko kwenye HDR, yaani upana wa mwangaza na rangi. Picha ya kawaida hutayarishwa kwa mwangaza wa niti 100. Picha ya HDR mara nyingi hutayarishwa kwa niti 1,000 au 4,000, kwa hiyo taa ya gari usiku inawaka kweli wakati lami inayoizunguka inabaki nyeusi. Rangi nazo zina ngazi zaidi: biti 8 hutoa ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, biti 10 hutoa 1,024. Tazama anga wakati wa machweo. Kwa biti 8 unaweza kuona mipaka ya rangi kama matuta ya shamba. Kwa biti 10 machungwa huyeyuka taratibu kuwa zambarau.

HDR ina majina manne na hapa ndipo wanunuzi wanapopigana bure. HDR10 ndiyo ya msingi, ipo kwenye kila diski ya 4K iliyotolewa kwa HDR. Hutoa maelekezo mamoja ya mwangaza kwa filamu nzima. Dolby Vision na HDR10+ hutoa maelekezo tukio kwa tukio. HLG ilibuniwa na BBC na NHK kwa ajili ya matangazo ya hewani, kwenye diski za filamu huihitaji. Televisheni za Samsung hazina Dolby Vision, zina HDR10+. Kampuni nyingine nyingi zina Dolby Vision, na baadhi zina zote. Diski ya Dolby Vision ukiicheza kwenye televisheni isiyoijua, inashuka kwenye HDR10 yake bila malalamiko. Kwa hiyo usiache filamu uipendayo kwa sababu ya nembo hii.

Jambo la kuogopa ni televisheni ya bei ya chini iliyobandikwa HDR lakini kioo chake hakina nguvu ya mwangaza. Inapokea mawimbi ya HDR, kisha inayaonyesha kwa unyonge, na picha nzima inaonekana kama umevaa miwani ya jua. Kwa televisheni ya namna hiyo, Blu-ray ya kawaida hutoa picha ya kupendeza kuliko 4K. Nimeona hivyo kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Kuhusu mistari myeusi juu na chini: si ubovu. Televisheni ina umbo la 16:9, sawa na 1.78:1. Filamu ya 2.39:1 ni pana zaidi, hivyo kwenye mistari 1080 inatumia kama 800 tu. Ukibonyeza kitufe cha kukuza ili kioo kijae, unakata watu pembeni. Kwenye DVD tafuta maandishi "anamorphic" au "16:9". Yasipokuwepo na filamu ikawa pana, mistari myeusi imechapwa ndani ya picha yenyewe na imekula pikseli ambazo DVD haina za kugawa.

Sauti: majina mengi, makundi mawili

Namba kwanza. 5.1 ni spika tano na sabufa, hiyo ".1" ni njia ya besi peke yake. 7.1 inaongeza spika mbili nyuma. Ukiona namba ya tatu, kama 5.1.2, mbili za mwisho ni spika za juu, darini.

Majina yote yanayobaki unaweza kuyagawa mafungu mawili. Kuna sauti iliyopunguzwa, ambayo wakati wa kubanwa kuna vitu vimetupwa visirudi tena: Dolby Digital, Dolby Digital Plus na DTS ya kawaida. Na kuna sauti kamili, ambayo hubanwa kama nguo kwenye sanduku na kutoka vilevile ilivyoingia: Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, pamoja na LPCM ambayo haibanwi kabisa.

Kwenye DVD, Dolby Digital inaishia kilobiti 448 kwa sekunde; DTS huwa na 768 au 1,509. Kwenye Blu-ray, Dolby Digital inapanda mpaka 640. Mashabiki wa DTS hupenda kuonyesha hiyo 1,509 kama ushahidi kwamba DTS ni bora, lakini njia mbili tofauti za kubana hazipimwi kwa rula moja. Kinachoamua zaidi ni jinsi fundi alivyoichanganya sauti.

Dolby TrueHD dhidi ya DTS-HD Master Audio? Hakuna shindano. Zote mbili zinarudisha kilekile kilichotoka studio. Tofauti ni ya kiutendaji: DTS-HD Master Audio ina DTS ya kawaida ndani yake kama kiini cha embe, kwa hiyo risiva ya zamani (kifaa kinachopokea sauti na kuziendesha spika) huchukua kiini na kuendelea, TrueHD kwenye Blu-ray hufuatana na Dolby Digital ya pembeni kwa kazi hiyohiyo. Ila soma jina lote: DTS-HD High Resolution, licha ya kujigamba, iko kwenye fungu la waliopunguzwa.

Dolby Atmos na DTS:X zinachanganya watu kwa sababu zinakaa juu ya kodeki nyingine. Mfumo wa zamani unasema: sauti hii itoke spika ya kushoto. Atmos inasema: helikopta iko hapa, juu, inaelekea kule, risiva ndiyo inayoamua spika zipi zitoe mlio kulingana na ulizonazo. Iliingia majumba ya sinema 2012 na majumbani 2014. DTS:X ikafuata 2015. Kwenye diski, Atmos kwa kawaida hupanda mgongo wa TrueHD. Mtandaoni hupanda mgongo wa Dolby Digital Plus, kwa hiyo nembo ni moja lakini mzigo si mmoja. Bila spika za juu, sauti inarudi kuwa 7.1 au 5.1, hupotezi neno hata moja la mazungumzo.

Kwa mtu anayeanza, mimi ningetanguliza spika ya katikati na sabufa kabla ya kujadili sauti kamili. Mazungumzo mengi hutoka katikati. Spika duni zikipewa TrueHD zitatoa TrueHD duni. Na lile lalamiko la kila nyumba, kwamba waigizaji wananong'ona na mabomu yanaamsha majirani, mara nyingi si la diski. Deki imetuma 5.1 kwa televisheni yenye spika mbili. Ingia kwenye mipangilio, chagua stirio, au washa hali ya usiku inayoinua sauti ndogo na kushusha kubwa.

Waya: hapa ndipo vitu hukwama

Waya wa macho, ule wenye taa nyekundu kwenye ncha, unabeba stirio, Dolby Digital na DTS. Basi. TrueHD na DTS-HD Master Audio hazipiti humo. HDMI ARC, njia ya kuitoa sauti kwenye televisheni iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, huweza kupitisha Dolby Digital Plus, kwa hiyo Atmos ya mtandaoni hufika kwenye saundiba, ile spika ndefu inayokaa chini ya televisheni. HDMI eARC, iliyokuja na 2.1 mwaka 2017, ndiyo inayopitisha sauti kamili kutoka televisheni. Kama televisheni yako haina eARC, chomeka deki moja kwa moja kwenye risiva, kisha risiva kwenye televisheni. Nyaya tatu za rangi, njano kwa picha na nyekundu na nyeupe kwa sauti, hazibebi HD hata chembe. Ukiunganisha Blu-ray kwa waya wa njano unatazama ubora wa DVD.

Diski za 4K zinadai HDCP 2.2, yaani kinga dhidi ya kunakili, kwenye kila kifaa njiani. Risiva moja ya zamani katikati inatosha kukunyima 4K yote. Kuhusu nyaya za HDMI za bei ya kutisha, hii ni dijitali: ikipita inapita, ikishindwa utaona nyota zikimetameta au kioo kuzimika. Waya ulioidhinishwa wa "Premium High Speed" unamudu gigabiti 18 kwa sekunde, na deki ya 4K haihitaji zaidi.

Mpangilio mmoja nimeukuta umekosewa kwa marafiki wengi. Ndani ya deki, sauti iwekwe kwenye "bitstream", yaani itumwe bila deki kuifungua, ili Atmos na DTS:X zifike kwenye risiva zikiwa nzima, na ile sauti ya pili, inayochanganya milio ya menyu na maelezo ya muongozaji, izimwe. Ikiachwa wazi, deki hulazimika kuichanganya sauti upya, na risiva inaandika Dolby Digital pale ulipotarajia TrueHD.

Sasa, ipi?

Kama televisheni yako ni ya inchi 32 hadi 43 na sauti inatoka humohumo, DVD ulizonazo zitunze, na mpya nunua Blu-ray. Deki ya 4K haitakuonyesha kitu cha kuhalalisha gharama yake.

Inchi 50 kwenda juu, kioo chenye mwangaza wa wastani, saundiba au spika chache: Blu-ray ndiyo jibu, na silitoi kama zawadi ya mshindi wa pili. Picha yake ni safi, sauti yake ni kamili kama ya 4K, na filamu za zamani zimejaa humo kuliko kwenye 4K.

Una kioo cha OLED, ambacho kila pikseli huwaka yenyewe, au televisheni inayong'aa kweli, au projekta ya 4K, na risiva yenye HDCP 2.2? Chukua Ultra HD, na uangalie HDR kabla ya kuangalia pikseli. Filamu za miaka ya karibuni zenye giza na taa nyingi ndizo zinazonufaika zaidi. Tamthilia za zamani zilizorekodiwa kwa video hazina 4K ya kutoa. DVD au Blu-ray yake inatosha, kwa sababu chanzo chenyewe kiliishia kwenye mistari michache.

Na kama bado unatumia deki ya Blu-ray lakini unajua televisheni itabadilika mwakani, tafuta lile kava lenye diski mbili, moja ya 4K na nyingine Blu-ray. Geuza nyuma kwanza uone Blu-ray hiyo ni ya kanda gani.